Kutu Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeingia leo saa nane mchana, na mama mkwe ameingia saa tisa.

Mvua niliitegemea. Mama mkwe pia nilijua anakuja, maana amepasuliwa goti na anahitaji pa kupumzika mpaka msimu huu uishe, na niliposema "karibu sana" nilisema kwa moyo mmoja. Nilidhani atapewa sebule. Nimerudi kazini na vumbi la meno bandia mpaka kwenye nyusi, nikakuta kitanda kimeshaingizwa kwenye chumba cha magita. Chumba changu! Nilisimama mlangoni mdomo wazi. Mke wangu akanipita na shuka mkononi kama vile mimi ni fremu ya mlango.

"Na magita yatakaa wapi?" nikauliza.

"Chini ya kitanda. Yenyewe hayana goti bovu."

Nimeyasukuma chini ya kitanda mwenyewe, kila moja na sanduku lake. Naandika hapa yalivyo leo, ili yakipatwa na lolote niwe na ushahidi. Yako manne, yote yamenizidi umri, na yote ni ya aina ile ambayo kifua chake hakikulala bapa bali kimebinuka kama cha fidla, na badala ya tundu moja la duara katikati yana matundu mawili marefu yaliyojipinda. Wageni huniuliza kama yamevimba kwa maji. La kwanza ni Mheshimiwa, kwa sababu ya tumbo. La pili ni Chongo: aliyelitengeneza alikata tundu moja refu na la pili la duara, na hakuna fundi aliyewahi kunieleza alikuwa na mawazo gani siku hiyo. La tatu ni Kabati. Ni zito, limepakwa rangi nyeupe ya milango, na linatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Kabati nalipenda kwa kulihurumia.

La nne ni Kobe. Kifuani lina kibao chembamba cha kukinga mbao zisikwaruzwe na kucha, kama wenzake, ila cha kwake ni cha plastiki ya kale yenye mabaka ya kahawia na dhahabu kama gamba la kobe. Ukikigeuza kwenye mwanga unaona kina, unaona kama unatazama ndani ya glasi ya chai. Mimi natengeneza fizi za plastiki tangu nina miaka ishirini na miwili, na sijawahi kupata rangi yenye uhai namna ile. Nilinunua kile kibao. Gita lilikuja nalo.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Mama amelala mchana kutwa. Sijapiga.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempa mama masharti mawili, kwa adabu zote. La kwanza, dirisha lisifunguliwe, maana unyevu wa msimu huu unalegeza gundi ya zamani na gita linaweza kuachia mshono kama suruali. La pili, masanduku yasiguswe. Amesema, "Sawa, baba, nyumba ni yako," kwa sauti ambayo hunifanya nihisi nimekosea hata nikiwa sijakosea.

Kisha nimemletea hita ya umeme, nikaiweka sakafuni ubavuni mwa kitanda ili goti lipate joto. Mke wangu alinitazama kama mtu aliyeposwa upya. Sikumwambia kwamba joto lile ni zuri kwa magita pia.

Jioni mama ameomba kuyaona. Alipofika kwa Chongo akauliza, "Hili nalo liligombana na nani?" Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Alipofika kwa Kobe hakucheka. Akasema, "Hili ndilo unalolipenda."

"Umejuaje, mama?"

"Mengine unayabeba. Hili unalipakata."

Mama ana macho. Huenda msimu huu ukapita salama.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Mama ameanza kukohoa, kikohozi kikavu kinachoingia katikati ya nyuzi. Nilikuwa sebuleni nalinganisha sauti za nyuzi za Mheshimiwa, nikashindwa kabisa. Nimeenda kumfungia mlango polepole, asihisi.

Jumapili, 16 Machi

Nimeduwaa.

Nyuzi za Chongo nilizifunga mwezi wa kwanza. Leo nimefungua sanduku, zote sita zina kutu. Sisemi zimefifia, zina kutu kavu ya kahawia inayobaki vidoleni kama unga. Na nilipoinua kifuniko, uchachu mkali ulinipanda puani mpaka machozi yakanitoka.

"Siki," nikasema kwa sauti.

Nikageuka. Pale dirishani, karibu na dawa za mama, ilisimama chupa ya siki. Nimeiona kila siku tangu amekuja na sikuitilia maanani. Mama anafutia siki kila kitu: kizingiti cha dirisha, miguu ya kitanda, mpaka gongo lake la kutembelea. Anasema inaua vijidudu.

Mtu hamwambii mama mkwe maneno ya ghafla. Nimetoka na sanduku langu, yeye anakohoa nyuma yangu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempitia Sikio baada ya kazi. Sikio ni fundi wa magita na redio; tunamwita hivyo kwa sababu sikio moja tu linasikia, na hilo ndilo analolibandika mgongoni mwa gita kama daktari. Alizitazama nyuzi za Chongo akasema ni mvua hizi, kila anayekuja analia kutu.

"Na siki je? Inaweza kula nyuzi?"

"Siki inakula hata msumari," akasema, huku anatafuta miwani yake.

Sikuhitaji zaidi ya hapo.

Jumapili, 23 Machi

Nimebadilisha nyuzi za magita matatu. Nasema matatu, kwa sababu nilipopiga magoti kuyatoa uvunguni nilikuta sanduku la Kabati ni tupu. Tupu! Nimezunguka nyumba nzima bila hata kuweza kuuliza, na hatimaye nikalikuta baraza la nyuma, linaning'inia kwenye msumari wa mwavuli, upepo wa mvua unalipiga usoni.

"Mama, gita limefikaje nje?"

"Nimelitoa siku nyingi, baba. Lilikuwa halina raha."

"Mama, gita halina raha wala huzuni."

"Basi mimi ndiye niliyekuwa sina raha," akasema, akakohoa kwa muda, akafuta midomo.

Mke wangu amesema liachwe palepale, ni zuri kama pambo. Pambo! Nimekubali kwa sababu ni Kabati. Lingekuwa Kobe ningelia mbele za watu.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Mfereji umeziba. Mama hakula jioni.

Jumapili, 30 Machi

Siku saba. Nyuzi mpya zimekaa siku saba tu.

Nimekaa sakafuni na masanduku matatu wazi nikishindwa kuamini ninachokiona. Kutu ileile. Mkia wa Mheshimiwa, kile chuma kipana kinachoshika nyuzi kule chini, uliokuwa na rangi ya dhahabu iliyovumilia miaka yote hii, umegeuka kijani na unamenyeka kama mtu aliyeungua na jua. Vigingi vya Chongo, vya kukazia nyuzi, havizunguki. Kobe ndilo limeumia kupita yote: nyuzi zake zilikatika nilipozigusa, na kibao kile kizuri kimeanza kutoa jasho pembeni, matone madogo yanayonata. Nimekifuta kwa kitambaa laini kama unavyomfuta mtoto mwenye homa.

Yaani kampaka mpaka Kobe. Nimelirudia neno hilo moyoni siku nzima. Mwanamke aliyenizalia mke, ananyunyizia siki vitu vyangu vya thamani, kisha ananiita baba.

Jumatano, 2 Aprili

Naandika hili kwa aibu kidogo. Asubuhi, mama akiwa bafuni, nimefunga uzi mwembamba wa kushonea kwenye kila kitasa cha sanduku. Akifungua, utakatika. Mke wangu amenikuta nimelala kifudifudi chini ya kitanda cha mama yake, miguu nje.

"Unatafuta nini?"

"Kifungo."

"Shati lako halina vifungo," akasema, na kweli nilikuwa nimevaa fulana.

Jumapili, 6 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nyumba ina kimya ambacho sijawahi kukisikia humu.

Zile nyuzi za kushonea zimekatika. Zote tatu. Nilizikagua leo baada ya chakula cha mchana, nikarudi mezani nikiwa nimeshika ile chupa ya siki, nikaiweka mbele ya mama katikati ya vyombo. Mke wangu alikuwa anakusanya sahani. Nilikuwa nimepanga maneno ya heshima, niliyaandika hata kwenye karatasi kazini, lakini yote yalinitoka kichwani.

"Mama, naomba ukweli tu. Umeyafungua masanduku?"

Mama alimtazama binti yake, halafu akanitazama mimi. "Nimeyafungua," akasema.

"Ukayafuta kwa siki."

"Sikuyafuta kwa chochote."

"Sasa ulifungua kufanya nini?"

Aliinamisha uso, kikohozi kikamshika, akakohoa mpaka gongo likaanguka. Na mimi, Mungu anisamehe, niliona kile kikohozi ni njia ya kukwepa swali. Nikasema, "Mama, magita haya yameishi miaka sitini na watu wa kila namna bila kuoza. Yamekaa na wewe wiki tano, yameoza."

Mke wangu aliweka sahani chini. "Umesema nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nafasi pana kabisa, ya kupitisha lori.

"Rudia," mke wangu akasema.

Nikarudia! Neno kwa neno! Nilijisikia nikirudia kama mtu anayesikia redio ya jirani, nikashangaa ni nani huyu mpumbavu mwenye sauti yangu.

Mama hakupandisha sauti. Alimwomba binti yake simu, akampigia mwanawe, yaani shemeji yangu mwenye duka la viatu, akamwambia, "Njoo unichukue, mwanangu. Hapana, goti halijambo. Njoo tu." Kisha akaingia chumbani kufunga nguo zake. Nilimsikia anakunja nguo moja, anakohoa, anakunja nyingine. Nilibaki mezani. Nilikuwa bado naamini nina haki, na nilikuwa nasubiri haki hiyo inipe amani, haikunipa.

Shemeji alifika kabla ya magharibi, mvua ikimwagika. Hakunisalimia wala hakunitukana. Alibeba begi, akamshika mama mkono. Mlangoni mama alisimama akavuta pumzi, akasema, "Siki nakuachia, baba."

Mke wangu amelala kwenye kile kitanda cha mama. Ameniambia jambo moja tu: "Nyuzi zinauzwa dukani."

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Mke wangu amenipa chai bila neno. Ilikuwa na chumvi. Sina hakika kama ni bahati mbaya.

Jumapili, 13 Aprili

Chumba ni changu tena. Mke wangu amerudi kitandani kwetu, lakini analala ameutazama ukuta. Nimesafisha kila chuma kwa mafuta ya cherehani, nimefunga nyuzi mpya, nimeipeleka siki jikoni na kuifunga kifuniko kwa utepe. Hita nimeiacha inawaka, unyevu usiingie, na dirisha nimelikaza. Kabati limebaki barazani. Kulirudisha ningelazimika kupita mbele ya mke wangu nikiwa nimelikumbatia, na ujasiri huo sina.

Nimepiga Kobe saa nzima bila kikohozi cha mtu. Halikuninogea.

Jumapili, 20 Aprili

Haiwezekani. Nimeandika neno hilo na sasa nalitazama: haiwezekani.

Nyuzi zimepata kutu tena. Siku saba, kama zile za kwanza. Chupa ya siki iko jikoni na utepe wake haujaguswa. Mama yuko kwa shemeji, mwendo wa saa mbili kwa basi. Nimefungua sanduku la Mheshimiwa, la Chongo, la Kobe, na kila moja limenipiga puani na uchachu uleule. Nilikaa kitako. Nikatoka nje kupata hewa, macho yakaangukia Kabati pale kwenye msumari. Nimelishusha. Nyuzi zake zinang'aa. Ni zile za mwezi wa kwanza, zimenyeshewa, zimepigwa upepo, na zinang'aa!

Nimemwita mke wangu aone. Ameona. Akasema, "Leo nimeongea na mama. Kikohozi kimekwisha siku ya tatu tu baada ya kutoka hapa."

"Vizuri," nikasema, huku nazungusha vigingi vya Kabati.

Amenitazama kwa muda mrefu akaondoka. Sasa ndiyo najiuliza alikuwa anasubiri niseme nini.

Kibao cha Kobe kimepasuka pembeni na kujikunja. Nimekitoa kwa bisibisi, nimekifunga kwenye kitambaa. Kesho naenda nacho kazini. Gundi yangu ya meno inashika chochote.

Jumanne, 22 Aprili

Niandike polepole.

Jana sikupata nafasi ya kukigundisha kile kibao, kulikuwa na mzee anayesubiri meno ya chini. Nikakiweka kwenye trei yangu ya visu vya kuchongea nta, nikafunika na kifuniko, nikaenda nyumbani. Visu vile ninavyo tangu chuoni. Navifuta kila jioni kabla ya kunawa mikono.

Leo asubuhi nimefunua trei. Visu vyote vina kutu. Kutu ya kahawia, kavu, inayobaki vidoleni. Kile kilicholala chini ya kibao kimekuwa na alama ya umbo lake, pembe kwa pembe, kama muhuri.

Daktari wa meno, ambaye ndiye mwenye kliniki, alipita na kikombe chake akasimama. "Nani amemwaga tindikali humu?" akauliza.

"Hakuna aliyemwaga," nikasema. "Ni hiki."

Akainama akanusa, akarudi nyuma. "Toa nje, jamani! Hiki unakilaza na watu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka, na bora nisingekumbuka. Chuoni mwalimu wetu alitupitishia meno bandia ya kale, ndani ya chupa iliyofungwa. Alituambia kwamba plastiki za kwanza kabisa zilitengenezwa kwa pamba iliyochovywa kwenye tindikali, na kwamba zikizeeka zinaoza na kuirudisha hewani ile tindikali yote. Joto linazichochea. Chumba kilichofungwa kinazichochea zaidi. Mvuke wake unakula chuma, unakera macho na kifua. Mtihani wa somo lile nilipata alama za juu darasani. Mimi! Miaka thelathini na tatu nashika plastiki kila siku, na hii niliyoipenda kuliko zote sikuitambua, kwa sababu ilikuwa na rangi nzuri.

Nimeomba ruhusa nikarudi nyumbani mchana. Nimefungua dirisha la kile chumba mpaka mwisho. Mke wangu alinikuta nazima hita.

"Si siki," nikamwambia. "Ni Kobe. Kibao kimeoza, mvuke wake umeyala na mengine."

Alikaa kitandani. Nilidhani atafurahi kwamba mama yake hana hatia. Alitazama uvunguni, akatazama mto ulipokuwa, na nikaona uso wake unabadilika.

"Wiki tano," akasema. "Mama alilala juu ya kitu hicho wiki tano."

Nilikuwa bado nafikiria mikia na vigingi. Naapa, mpaka dakika ile nilikuwa nafikiria vigingi.

"Aliniomba afungue dirisha," mke wangu akasema. "Nikamwambia mkweo amekataza. Na ile hita, nikakusifu!"

Sikuwa na pa kuweka mikono. Nilitaka kusema sikujua, na ni kweli sikujua, lakini nikaibeba hita nikaitoa nje.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimempelekea Sikio magita matatu. Alinusa tu sanduku la Kobe akatikisa kichwa. "Vibao hivi vya zamani vikioza vinaambukiza chumba kizima," akasema. "Nilidhani unajua. Wewe si ndiye mtu wa plastiki?"

Nilimwachia masanduku nikatoka.

Kibao nimekikabidhi kazini, kimewekwa pamoja na taka za dawa zinazoenda kuteketezwa. Nilifikiri nitaona uchungu. Nilichoona ni haraka ya kunawa mikono.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Nyuzi nimeziandikia kurasa nzima. Kikohozi cha mama kimo, tena kimo mapema, siku ya nane tu baada ya kuja kwake, na kila mahali nimekiandika kama kero. Chuma kilipoumwa nilienda kwa fundi siku ya pili yake. Mtu alipoumwa nilifunga mlango.

Mke wangu amesema hatanisindikiza na hatanisaidia maneno. Naenda mwenyewe keshokutwa.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua imepungua, manyunyu tu. Nimefika kwa shemeji saa tano. Amefungua mlango, akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Yuko uani," akarudi kwenye gazeti lake.

Mama alikuwa anaanika nguo. Anaanika mwenyewe, amesimama kwa miguu yake miwili, gongo limelala ukutani. Alikuwa ananong'ona wimbo na pumzi haikukatika. Nilisimama pale na maneno yangu yote niliyoyapanga kwenye basi, nikasema tu, "Mama, si siki. Ni Kobe."

"Nilijua si siki," akasema bila kugeuka. "Siki ni yangu. Harufu yake nisiijue?"

"Kumbe uliisikia ile harufu?"

"Tangu siku ya pili."

"Mbona hukuniambia, mama?"

Alibana shati la mwanawe kwenye kamba. "Ningekuambiaje? Mwanzo nilidhani ni miguu yako."

Nilishtuka mpaka nikajitazama viatu.

"Unarudi kazini na viatu vile, unapita kuangalia magita yako, harufu inabaki. Nikasema huyu ni mkwe, habari ya miguu yake nitamwambia nani? Ndiyo nikawa nafuta na siki, nipunguze. Baadaye nikaona hapana, mguu wa mtu hauwezi kufika huku. Nikasema ni panya amefia kwenye masanduku. Nikalitoa lile jeupe. Harufu ikabaki. Nikafungua mengine nimtafute panya."

"Na nilipokuuliza mezani?"

"Uliuliza mbele ya mtoto wangu, chupa mkononi. Ningesema nini, kwamba vitu vyako vinanuka?"

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya uani iliyolowa. Nikamweleza yote: plastiki, tindikali, joto, dirisha. Nikamwambia kwamba yeye ndiye aliyeliokoa Kabati na mimi nikamhukumu kwa hilo. Nikamwambia kibao kimeteketezwa na magita yapo kwa fundi, na chumba kimepigwa maji na sabuni na kimekaa wazi siku tano. Nikamwomba anisamehe, na nikamwomba arudi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ya kuulizia saa, "Nilipokuwa nakohoa kule chumbani, ulikuwa unasikia?"

Hilo sikulitegemea. Ningeweza kusema mvua ilikuwa na kelele.

"Nilikuwa nasikia, mama," nikasema. "Nilikuwa nakuja kukufungia mlango ili nisisikie."

Alishusha mikono. Nguo iliyokuwa mkononi mwake ikadondoka kwenye beseni. Nadhani kwa mara ya kwanza tangu nimemjua nilimwona ameshtuka yeye, na nilitamani ardhi inimeze na viatu vyangu. Alikaa kwenye kiti kidogo cha uani, akaitoa ile nguo kwenye beseni, akaikamua upya.

"Angalau hilo umesema mwenyewe," akasema mwishowe. "Inuka, utapata goti kama langu."

Nikainuka.

"Nitarudi Jumamosi, kwa ajili ya mtoto wangu. Ila ule mlango uung'oe."

"Mlango wa chumba, mama?"

"Kwani upo mwingine uliokuwa unanifungia?"

Jumamosi, 3 Mei

Jua. Nimeanza na bawaba za juu. Skrubu zilikuwa zimepakwa rangi mara tatu na zilinitoa jasho. Mama alifika na shemeji saa nne, nikiwa nimebakiza bawaba moja. Alipita chini ya mkono wangu bila neno, akatupa begi kitandani, akaenda jikoni kwa binti yake. Nikamalizia. Nikaubeba mlango mpaka uani nikauegemeza ukutani, na ndipo nilipomsikia amekohoa.

Sikumbuki nilivyofika jikoni. Najua niliangusha kiti sebuleni, na nilifika nimeshika bisibisi, pumzi juu, nikauliza kwa kelele, "Mama! Nini? Ni kifua?"

Alikuwa amepaliwa na chai. Ameshika kikombe, machozi yanamtoka, binti yake anampiga mgongoni taratibu. Akanitazama mimi, akaitazama bisibisi, akacheka mpaka akapaliwa tena.